Mkanda wa Jeshi: Ugonjwa Unaotangulia Jina Lake

Mkanda wa jeshi ni jina la Kiswahili la ugonjwa ambao kitabibu huitwa hepesi zosta. Zoster kwa Kigiriki ni mkanda, kwa hiyo majina yote mawili yameshika umbo lilelile: vipele vilivyojipanga kama ukanda ubavuni au kiunoni. Jina linafaa, ila linataja dalili inayochelewa. Maumivu huanza siku kadhaa kabla ya ngozi kuonyesha chochote, na anayengoja kuuona mkanda hujipunguzia muda wa kuwahi tiba.

Chanzo chake ni kirusi cha tetekuwanga. Mtu akishapona tetekuwanga, kirusi hakimtoki. Hujificha kwenye neva karibu na uti wa mgongo, kikakaa kimya miaka na miaka. Kinga ikishuka kwa sababu ya uzee, VVU, saratani au baadhi ya dawa, huamka na kufuata neva moja hadi kwenye ngozi. Neva hiyo huhudumia upande mmoja tu wa mwili, ndiyo maana kwa kawaida mkanda huu huwa nusu: huanzia mgongoni, hupita ubavuni, hukomea katikati ya kifua au tumbo. Wapo wanaoamini kwamba ncha zake zikikutana mgonjwa hufa. Imani hiyo haina ukweli.

Basi dalili za mwanzo huwa za upande mmoja. Ngozi ya sehemu moja huwaka moto, huchonyota, huwasha au hufa ganzi, na hata shati likiigusa tu, inauma. Wengine hupata homa, uchovu na kuumwa kichwa. Maumivu ya kifuani hudhaniwa moyo, ya ubavuni kichomi, ya tumboni kidole tumbo. Nayo yapimwe, kwani yaweza kuwa hayo kweli. Baada ya siku 1 hadi 5 hivi hutokeza vipele, kisha malengelenge yenye maji, vishada vishada. Kwenye ngozi nyeusi usitafute wekundu: vipele huweza kuonekana zambarau, kahawia iliyokoza au kijivu. Wengi hudhani wameunguzwa na mdudu usiku, lakini jeraha la mdudu halitanguliwi na siku za maumivu.

Dawa za kupambana na kirusi, kama asaiklovia, husaidia zaidi zikianza ndani ya saa 72 tangu vipele vitokeze. Hufupisha ugonjwa. Hata hivyo, kwa baadhi ya watu, hasa wazee, vipele hukauka na neva ikaendelea kuuma kwa miezi. Vipele vikitokea karibu na jicho au kwenye ncha ya pua, ni dharura, kwa maana uoni umo hatarini. Kijana anayeugua apime VVU, kwa kuwa VVU hushusha kinga, ila asihukumiwe: wapo wengi wanaougua bila kuwa na VVU.

Maji ya malengelenge yanaweza kumwambukiza tetekuwanga mtu ambaye hajawahi kuugua wala kuchanjwa. Malengelenge yafunikwe, na mgonjwa asikae karibu na mjamzito wala mtoto mchanga.

Mzee wa nyumbani akisema ngozi inamwaka upande mmoja, asiishie kupakwa dawa ya kuchua. Iangalieni ngozi hiyo kila siku, mgongoni asikokuona mwenyewe na kichwani chini ya nywele, na kipele cha kwanza kikitokeza, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.