Neno Ujamaa Katika Mji wa Ithaca

Neno letu ujamaa limekwenda mbali kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika Chuo Kikuu cha Cornell, mjini Ithaca, jimbo la New York, liko bweni la wanafunzi ambalo tangu mwaka 1972 limeitwa Ujamaa. Twapenda walimu na wanafunzi wetu wajue jinsi neno hili lilivyofika huko, maana halikupelekwa na balozi wala na mwalimu wa lugha. Liliitwa na dhiki.

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi Weusi katika chuo hicho walikuwa wa kuhesabika. James Perkins, aliyekuwa rais wa chuo tangu mwaka 1963, alianzisha mpango wa kuwaongeza, na kufikia mwaka 1969 walikuwa kiasi cha 250 miongoni mwa maelfu ya Weupe. Mlango ulifunguliwa, lakini ndani hapakutandikwa mkeka. Wasichana hasa walikosa raha mabwenini, na mwaka 1968 wakapata nyumba yao ya ushirika, iliyoitwa Wari. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili 1969 msalaba uliwashwa moto mbele ya nyumba hiyo. Katika Marekani msalaba unaowaka hauna tafsiri mbili: ni alama ya Ku Klux Klan, nao ni tishio la kuua.

Siku ya pili yake wanafunzi Weusi waliliteka jengo la Willard Straight Hall. Baadhi ya Weupe walijaribu kuwatoa kwa nguvu, ndipo bunduki zikaingizwa ndani. Walipotoka tarehe 20, silaha mikononi, bila hata risasi moja kufyatuliwa, picha yao ilienea duniani kote. Perkins akajiuzulu mwaka huohuo. Kikafunguliwa kituo cha taaluma za Kiafrika chini ya James Turner, ambako Kiswahili nacho kilikuja kufundishwa; tarehe 1 Aprili 1970 jengo la kituo hicho likateketea kwa moto. Ni baada ya hayo yote ndipo ilipozaliwa nyumba ya Ujamaa.

Lakini kwa nini Kiswahili? Mababu wa Wamarekani Weusi aghalabu walichukuliwa kutoka upande wa magharibi wa Afrika, mbali na mrima wetu. Hata hivyo, mtu aliyeporwa hata jina la kabila lake atachaguaje lugha ya kabila? Kiswahili kilimfaa kwa kuwa ni lugha ya Waafrika wengi, isiyo milki ya kabila moja. Huko California, Maulana Karenga alikwisha kulitia neno ujamaa katika misingi ya sikukuu ya Kwanzaa, aliyoianzisha mwaka 1966, kwa maana ya ushirika wa kiuchumi. Wanafunzi wa Ithaca walilifanya jina la nyumba, na kwa maoni yetu walikaribia zaidi shina lake, yaani jamaa.

Lawama hazikukosekana. Katika miaka ya 1970 wakuu wa elimu wa jimbo la New York waliihoji nyumba hiyo kwa shutuma kwamba inatenga watu kwa rangi, na katika miaka ya 1990 malalamiko ya namna hiyo yakafikishwa kwa serikali ya shirikisho. Shutuma hiyo si ndogo, kwani Weusi wenyewe ndio waliokuwa wamepigana kuuvunja utengano. Jibu la nyumba lilikuwa kwamba mlango wake u wazi kwa mwanafunzi yeyote, naye huhamia kwa kuomba mwenyewe. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962, aliuanzisha ujamaa katika ukoo, kisha akautaka uvuke kabila, taifa na bara hadi uwafikie binadamu wote. Anayeanzia nyumbani hajakataa kutoka nje.

Hapa kwetu, kati ya mwaka 1973 na 1976, wananchi wengi walihamishiwa vijijini kwa amri. Waliohamia nyumba ile ya Ithaca walikwenda kwa hiari. Mwaka 2022 nyumba hiyo ilitimiza miaka 50, na mlangoni pake jina ni lilelile.