Tengefu: Neno Lililokuwapo Kabla ya Kamati

Dodoso moja la utafiti wa shahada ya uzamili, lililoandaliwa kwa ajili ya wavuvi wa pwani ya Tanzania, linauliza: "Je, unaridhika na usimamizi wa ukanda wa kutochukua uliopo kijijini kwako?" Mwenye dodoso hana lawama. Alilikuta neno hilo katika orodha ya istilahi, na walioandaa orodha walilipata kwa njia yao ya siku zote: istilahi ya Kiingereza, no-take zone, ilikatwa vipande vitatu, kila kipande kikatafutiwa mwenzake kamusini, kisha vikaungwa upya. Kutochukua nini, dodoso halisemi. Mvuvi aliyetoka kutega madema ana haki ya kudhani anaulizwa habari za wizi.

Kinachokusudiwa anakijua kila asomaye makala haya: sehemu ya bahari isiyovuliwa kitu. Jina lake ni tengefu, na halikuhitaji kikao.

Shina ni tenga, kitenzi cha kuweka kando. Tenga huzaa tengeka, na tengeka huzaa tengefu, kwa kanuni ile ile iliyotupa potofu kutoka potoka, pungufu kutoka punguka, kunjufu kutoka kunjuka, ongofu kutoka ongoka na tukufu kutoka tukuka. Vivumishi vya ukoo huu havitaji tendo. Vinataja hali inayobaki baada ya tendo kwisha. Hapo ndipo linapoanguka "eneo lililotengwa", pendekezo la kundi la pili la mahasimu wa neno hili. Kutengwa kunadai mtengaji, na mara huja swali la nani katengewa. Eneo laweza kutengwa kwa ajili ya hoteli, gati au shamba la mwani. Lililo tengefu limeshakaa katika hali yake. Wapo pia wanaolihusisha neno hili na tenga la kubebea samaki. Hao waachwe na tenga lao. Wangetega sikio wangesikia sauti zilizo karibu zaidi, tengenea na tengemaa, ambamo jambo limekaa sawa na limetulia.

Umesambazwa uvumi katika warsha moja kwamba mwandishi wa makala haya anaitetea tengefu kwa sababu kaibuni mwenyewe. Si kweli, na ushahidi uko wazi kwa anayependa kusoma. Tanzania Bara ina Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu tangu mwaka 1994, na visiwa vya Bongoyo na Mbudya, vinavyoonekana kutoka fukwe za Dar es Salaam, vimo katika maeneo hayo. Nchini Kenya, wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, walifunga takriban hekta 30 za bahari yao mwaka 2005, na funga za namna hiyo zikaitwa tengefu tu, bila "eneo" mbele yake. Wanasayansi waliofuatilia funga hizo wakalibeba neno hadi katika majarida ya Kiingereza, wakalipachika s ya wingi. Waingereza wameazima, sisi tunatafsiri upya kutoka kwao.

Wanaoumia ni wanafunzi. Katika utafiti wa bahari siku hizi mwanabiolojia anakaa meza moja na mwanauchumi, mwanasheria na mwanasosholojia, kila mmoja na tasnifu yake. Tasnifu huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili hutupwa kwenye kiambatisho, ndani ya dodoso, nako ndiko data inakozaliwa. Mwanabiolojia akitaja sehemu isiyovuliwa anafikiria chewa, samaki anayehitaji miaka kadhaa kukua, kwa hiyo anataka funga isiyo na mwisho. Mwanauchumi anafikiria pweza, anayeishi kama mwaka mmoja na kunenepa upesi, na ambaye miamba yake Kisiwa Panza au Songosongo hufungwa kwa miezi mitatu hivi. Siku ya kufungua mwamba, maji ya bamvua yakikupwa, watu hushuka na mijiti yao kuchokoa. Mwanasheria hakubali kitu mpaka aone tangazo la serikali. Wote hao watauliza swali moja katika kijiji kimoja, na majibu yatawekwa katika jedwali moja.

Mkanganyiko unazidi mpakani. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ina zaidi ya kilomita za mraba 800, na ndani yake mna vijiji na uvuvi unaoruhusiwa kwa kanda. Eneo tengefu kwa sheria ya Tanzania Bara ndilo lenye masharti makali zaidi. Kenya ni kinyume. Kisite, yenye hadhi ya hifadhi ya taifa, haivuliwi kabisa, ilhali jirani yake Mpunguti, yenye jina la Kiingereza reserve, ambalo Tanzania hulifasiri kuwa eneo tengefu, huvuliwa kwa zana za jadi. Mwanafunzi anayelinganisha nchi hizi mbili kwa kufasiri majina ya Kiingereza atawaweka wavuvi pasipo na wavuvi.

Hoja pekee ya upande wa pili inayostahili jibu ni ya nchi kavu. Pori tengefu, wanasema, limezoeleka kuwa mahali ambapo watu waliishi na kuchunga, kama Loliondo kwa miongo mingi. Basi tengefu haiwezi kumaanisha kufungwa. Jibu ni kwamba pori lilitengwa na uwindaji holela, halikutengwa na wachungaji. Kila utengefu una kitu unachokizuia. Kosa ni la aliyeacha kukitaja.

Ndiyo sababu mwandishi alipendekeza kiambishi kimoja, u-, ambacho ndicho pekee anachoweza kukiita chake katika suala hili. Utengefu ni hali. Tengefu ni mahali. Ukishaipata hali unaweza kuipima kwa muda, kwa kitu na kwa mwenye amri: utengefu wa muda, utengefu wa kudumu, utengefu wa pweza, utengefu wa kijiji, utengefu wa serikali. Pendekezo lilirudishwa na kamati moja likiwa na maelezo ya mstari mmoja, kwamba "halina uwazi wa kutosha". Kamati hiyo hiyo iliona uwazi katika ukanda wa kutochukua.

Kwa matumizi: katika dodoso iandikwe "mwamba uliofungwa" pale wavuvi wanapozungumza hivyo, na utengefu ubaki katika uchambuzi; isemwe tengefu hii, tengefu hizi, na ile s iachiwe majarida yaliyoibuni.