Jinsi Misheni Yetu Ilivyoongozwa kwa Njia Isiyoijua

Mara nyingi sisi waalimu twaulizwa na Wakristo wenzetu: Mtu atajuaje ya kuwa Mungu anamwongoza, hali kila njia aliyoishika imefungwa mbele yake? Wanaotuuliza hawatafuti kubishana. Ni mzazi aliyefiwa na mtoto, au mwalimu aliyehamishwa mahali alipopazoea. Hatuna jibu la kumtoshea kila mtu. Lakini tunayo habari ya wazee wetu katika imani, na yafaa isimuliwe tena, maana tumezoea kuisimulia kana kwamba ilikuwa safari nyepesi.

Misheni ya Vyuo Vikuu haikukusudia kuja Unguja, wala Masasi. Daktari Livingstone alipohutubu Cambridge mwaka 1857, walioitika wito wake walielekeza macho yao nchi za Ziwa la Nyasa, zilizokuwa zikiharibiwa na biashara ya watumwa. Askofu Mackenzie akaingia kwa mto Zambezi mwaka 1861, akakaa Magomero. Mwezi wa Januari 1862 mtumbwi uliomchukua ulipatwa na ajali mtoni, dawa zikapotea, homa ikamshika, naye akafa tarehe 31 katika kisiwa penye makutano ya mito Shire na Ruo. Baadhi ya wenzake wakamfuata kaburini. Askofu Tozer, aliyeshika mahali pake, aliona ya kuwa kazi haiwezi kuendelea kule, na mwaka 1864 akaihamishia Unguja. Wengi walimlaumu, na Livingstone mwenyewe alikuwa mmoja wao. Kwao alikuwa kama askari aliyegeuza uso katikati ya vita.

Hata sisi, kama tungalikuwapo siku zile, huenda tungalimlaumu.

Lakini huko Unguja Sultani Majid akampa Askofu wavulana watano, waliotolewa katika mikono ya wafanya biashara ya watumwa. Mmoja wao alikuwa John Swedi, aliyefanywa shemasi mwaka 1879. Huko Unguja, tena, Edward Steere alijifunza Kiswahili kwa bidii, akatoa kitabu cha lugha hiyo mwaka 1870, akaifanya kazi ya kulitafsiri Agano Jipya. Yeye aliyefungiwa njia ya Nyasa alikuwa ameketi penye lugha ambayo ingemchukua mpaka Nyasa, naye hakujua.

Mwaka 1876 Steere, aliyekuwa sasa Askofu, alishuka Lindi akashika njia ya bara pamoja na watu zaidi ya 50 waliokombolewa utumwani, wanaume kwa wanawake. Nia yao ilikuwa kurudi kwao, upande wa Nyasa. Mwaka uliotangulia Askofu alikuwa amekwisha kufika Mwembe kwa Mataka, mkuu wa Wayao, kwa hiyo njia aliijua. Lakini walipofika Masasi, penye ile milima ya mawe, watu waliiona nchi kuwa njema, wakataka kukaa hapo. Askofu akakubali, akawagawia mahali pa kujenga.

Hapa tunataka kusimama kidogo. Vitabu vyamsifu Askofu, na ni haki yake. Lakini waliosema panatosha walikuwa ni wale waliokuwa wametembea kwa miguu yao, na mzigo kichwani. Wengi wao walichukuliwa wangali wadogo. Kuendelea mbele kulikuwa ni kutafuta kijiji ambacho labda hakipo tena, katika nchi ambayo wakamata watu walikuwa wangali wakizunguka. Waliacha tumaini la kuwaona mama zao, wakalima shamba katika nchi ya wengine. Mtume Paulo naye alikatazwa Asia, akazuiliwa Bithinia, akajikuta Troa ufukoni pasipo kujua la kufanya, mpaka alipopewa maono usiku. Hao wa Masasi hatusikii ya kuwa walipewa maono. Walipewa udongo mzuri na maji, nao wakaona ya kuwa hayo yametoka kwa Mungu.

Wala mambo hayakuwanyokea. Mwezi wa Agosti 1882 Askofu Steere alifariki Unguja. Mwezi uliofuata Wamagwangwara, ndio Wangoni, waliishambulia Masasi, wakachoma nyumba, wakaua watu, wakachukua mateka. Watu waliokwisha kuwa watumwa mara moja wakafungwa mara ya pili. Tumepata kusikia wahubiri wakisema Mungu aliupeleka msiba ule ili kazi ienee. Sisi hatuthubutu kusema hivyo, wala tusingependa mwalimu awaambie hivyo waliofiwa. Tunalosema ni hili tu, kwamba walionusurika hawakuacha kusali. Wengine walihamia Newala, na baadaye Masasi yenyewe ikajengwa tena.

Mwaka 1886 Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni na kufundishwa Kiungani, alikwenda Chitangali kufanya kazi kati ya watu wa lugha yake, na mkuu wao Nakaam akawa Mkristo, akaitwa Barnaba. Mwaka 1890 Majaliwa akapewa upadre, wa kwanza kati ya Waafrika wa Misheni ile. Hivyo mmoja wa waliouzwa alirudi kwao, akiwa ameshika kikombe cha Komunio.

Na Nyasa? Mwaka 1885 Johnson na Maples, ambao wote wawili walikuwa wamefanya kazi Masasi kwanza, waliweka kituo katika kisiwa cha Likoma, katika ziwa lile lile Mackenzie aliloelekea. Ilikuwa imepita miaka 24 tangu aingie Zambezi. Tozer, yule aliyelaumiwa kwa kugeuka, alikuwa angali hai, akaishi mpaka mwaka 1899.