Muhogo mchungu na kimeng'enya chake, kaskazini mwa Cabo Delgado

Muhogo ulivuka bahari kutoka Brazili pamoja na Wareno, na kufikia karne ya 18 ulikuwa ukilimwa upande wa Msumbiji. Kaskazini mwa Cabo Delgado, kuanzia Palma na Mocímboa da Praia hadi uwanda wa Mueda, ndio unaobaki shambani mahindi yakikauka. Wakulima wengi hupanda aina chungu, kwani nguruwe na nyani huzikwepa.

Sumu yake hutokana na linamarini. Muhogo ukiwa mzima, linamarini imefungiwa ndani ya seli, nacho kimeng'enya cha linamarase kimekaa kwenye kuta zake. Ukikatwa au kutwangwa, viwili hivyo hukutana, na sianidi hutoka. Kwa kuwa sianidi huchemka kwenye nyuzi 26 tu, hupotea hewani. Ila kimeng'enya hutaka maji na muda. Kopa likikauka upesi juani, kazi hukatika njiani na sumu hubaki humo. Kuchemsha nako si dawa: moto huua kimeng'enya, linamarini ikasalimika. Ndipo ilipozaliwa desturi ya kuloweka, kuvundika na kuanika kwa siku kadhaa.

Mwaka 1981, ukame ulipokaza mkoa jirani wa Nampula, siku hizo hazikuwepo. Watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake na watoto, walipooza miguu wasipone. Wenyeji waliuita ugonjwa huo mantakassa; nchini Kongo, Giovanni Trolli alikuwa ameueleza mwaka 1938 kwa jina la konzo. Haikuwa ujinga wa wapishi. Njaa iliwanyima muda, ikawanyima na kunde na samaki, ambao protini yake huupa mwili salfa ya kuvunja sianidi. Ng'ambo ya Ruvuma, Mtwara nao ulipata konzo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alitambua kwamba kukauka hukisimamisha kimeng'enya bila kukiua. Unga ukichanganywa na maji, ukatandazwa mkekani kwa unene usiozidi sentimita moja, linamarase huanza kazi tena. Kivulini huachwa saa tano. Juani, kwa kuwa joto huiharakisha kazi hiyo, saa mbili hutosha. Kisha unga hupikwa ugali siku hiyohiyo.