Amani ya Bandari na Watu wa Visiwa

Mwishoni mwa Septemba 2012 majeshi ya Kenya yalishuka pwani karibu na mji wa Kismayo, na kundi la Al-Shabaab, lililoushika mji huo tangu Agosti 2008, likauhama. Ilitangazwa kwamba usalama umepatikana. Kwamba kundi hilo lilipoteza bandari ni jambo lisilo shaka. Lakini swali la kwamba usalama huo ni wa nani, katika pwani ile, lina umri mkubwa kuliko Al-Shabaab, na halijapata kujibiwa na wale wanaoishi huko, kwa kuwa hawakuulizwa.

Kusini ya Kismayo, kuelekea Ras Kamboni, vimejipanga visiwa vya Koyama, Ngumi, Chovai na Chula. Ndipo walipo Wabajuni, wavuvi na mabaharia mashuhuri kwa mitepe yao, ambao lugha yao ni tawi la Kiswahili na ndugu zao wako Faza, Ndau na Kiwayu, upande wa Lamu. Kwao bahari ile ni njia moja: kaskazi humleta mtu kusini, kusi humrudisha. Mpaka ni kitu kilicholetwa na wageni.

Wageni hao walikuwa wengi. Mwaka 1875 Khedive Ismail wa Misri alipeleka manowari Kismayo. Sultani Barghash wa Unguja akalalamika, na Uingereza ikawafanya Wamisri waondoke. Mwaka 1886 wakubwa wa Ulaya wakampimia Sultani huyo huyo milki yake kwa maili, na Kismayo akaachiwa duara la maili kumi. Baadaye mji ukawa chini ya Uingereza, pamoja na nchi yote ya Jubaland.

Kisha vikaja Vita Kuu ya Kwanza. Kwa mkataba wa siri uliotiwa sahihi London mwezi wa Aprili 1915, Italia iliahidiwa kwamba, iwapo Uingereza na Ufaransa zitajiongezea makoloni ya Ujerumani katika Afrika, nayo itafidiwa. Fidia hiyo ikawa Jubaland, iliyokabidhiwa mwaka 1925. Mvuvi wa Chula na binamu yake wa Kiwayu wakajikuta ni raia wa himaya mbili, wala hapana aliyewapigia hodi kuwaarifu.

Ni katika vita hivyo hivyo, Novemba 1917, Uingereza ilipotoa ahadi ya Balfour juu ya Palestina. Mambo hayo mawili hayalingani kwa ukubwa. Palestina imekuwa jeraha la ulimwengu mzima. Jubaland ilisahauliwa na hao hao walioitoa. Lakini desturi ilikuwa moja: nchi ya watu kujadiliwa mezani nao wako nje. Na hata ilipofika mwaka 1993, Waisraeli na Wapalestina walipotia sahihi mapatano yao ya Washington, suala la wakimbizi liliahirishwa hadi mazungumzo ya mwisho, ambayo hayakukamilika. Kwanza ulinzi, kisha mpaka, na aliyefukuzwa kwake asubiri.

Mpangilio huo unajulikana sana katika pwani ya Wabajuni. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, Wasomali wengi wa wilaya za kaskazini walitaka kujiunga na Somalia, na vita vya mashifta vikazuka. Vita hivyo vilifika hadi bara ya Lamu. Vijiji vya Wabajuni, ambao hawakuwa na ugomvi na upande wowote, vilivamiwa, na wenyewe wakakimbilia visiwani, Malindi na Mombasa. Rais Kaunda wa Zambia alisuluhisha, na tarehe 28 Oktoba 1967 Mzee Kenyatta na Waziri Mkuu Egal wakapatana Arusha. Yalikuwa mapatano mema, na yastahili sifa: serikali mbili ziliacha kupigana. Hata hivyo wengi wa waliokimbia hawakurudi, na mashamba yao yakamezwa na msitu.

Pigo kubwa zaidi lilikuja Januari 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka. Kismayo ikagombewa na wakuu wa vita, huyu akiingia yule akitoka. Wanamgambo wakavuka hadi visiwani, wakapora vyombo na nyavu. Wabajuni, wasio na jeshi wala ukoo mkubwa wa kuwakinga, wakatweka matanga kwenda Kenya. Makambi yao ya Mombasa yalifungwa katika miaka hiyo hiyo ya 1990. Baadhi walifika Uingereza, na huko wakahojiwa juu ya lugha yao na majina ya visiwa vyao ili ithibitike kwamba ni Wabajuni kweli. Ajabu ya dunia ni kwamba maofisa wa uhamiaji waliwauliza maswali mengi kuliko wapatanishi wote.

Mapatano ya Addis Ababa ya Agosti 2013, baina ya serikali ya Somalia na viongozi wa Juba, yalishughulika na utawala wa muda, bandari, uwanja wa ndege na wanamgambo. Oktoba 2021 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ikachora mpaka wa bahari baina ya Somalia na Kenya, Kenya ikaukataa. Wakati huo wavuvi wa Lamu walikuwa wamekwisha onja miaka ya kukatazwa kuvua usiku, kwa ajili ya ulinzi. Mstari juu ya maji hauwezi kumlinda mtu asiyeruhusiwa kushusha wavu, na bandari iliyokombolewa si amani kwa mwenye nyumba Chovai ikiwa nyumba hiyo ina mtu mwingine. Matumaini ya amani hapo yatapimwa kwa idadi ya mashua zinazorejea.

Desemba 2024 majeshi ya serikali ya Mogadishu na yale ya Jubaland yalipigana Ras Kamboni. Baadhi ya askari walioshindwa walivuka mpaka kuingia Kenya, upande ule ule waliokimbilia Wabajuni mwaka 1991.