Ukikuta gamba la nyoka nyumbani

Mama, ukikuta gamba nyuma ya mtungi au chini ya makumbi, jua mambo mawili: nyoka amepita hapo, na mahali hapo pana unyevu na maficho.

Kwa nini atafute unyevu?

Nyoka hukua, lakini ngozi yake ya juu haikui naye, hivyo huivua mara kadhaa kwa mwaka. Ngozi ikiwa kavu mno hukatika vipande na kumganda mwilini. Kwa hiyo siku hizo hupenda penye unyevu, kisha hujisugua mdomo kwenye jiwe au ukuta mpaka atoke. Kabla ya kujivua macho yake huingia ukungu. Haoni vizuri, na akishtuliwa huuma upesi.

Mwondolee maficho

- Kausha maji yanayomwagika penye mtungi na chooni. Ziba nyufa za ukuta.
- Kuni, makuti, madema na nyavu kuukuu zikae mbali na nyumba.
- Funika chakula. Mabaki huleta panya, na panya humleta nyoka.
- Usiku washa tochi. Mtoto alale kitandani, chandarua kimechomekwa chini ya godoro.

Gamba lenyewe halina sumu, ila laweza kuwa na vijidudu vya kuharisha. Liondoe kwa kijiti, unawe kwa sabuni, na mtoto asilichezee.

Mtoto akiumwa na nyoka

- Mlaze na umtulize. Mvue bangili na pete kabla hajavimba.
- Funga kijiti kando ya mguu au mkono ulioumwa usicheze, bila kubana.
- Usichanje, usinyonye, usikaze kamba.
- Akitemewa mate ya nyoka machoni, yaoshe kwa maji mengi safi.
- Mbebeni, asitembee. Msimfukuze nyoka.

Mpelekeni hospitali hata kama hajaonyesha dalili, kwani sumu nyingine huchelewa kujionyesha.

Kubalianeni mapema

Kojani ni kisiwa, na Hospitali ya Wete iko ng'ambo. Pengine siku hiyo wanaume wengi wako dago. Basi kaeni na majirani leo muulizane: nani ana chombo, mafuta yako wapi, nani atambeba mtoto, nani atabaki na wadogo zake. Majibu hayo yakijulikana mapema, mtoto hachelewi kuvuka.