Kampeni ya mashujaa wasiopambwa

Kampeni ya mashujaa wasiopambwa ni mfululizo wa vikao vya mchezo wa kuigiza wa mezani. Wachezaji wanne au watano huchukua nafasi za watu wenye nguvu za ajabu, kisha huingizwa katika dunia isiyowahurumia. Mwenzao mmoja ni msimulizi: yeye ndiye polisi, ndiye jambazi, ndiye mvua inayokata barabara. Wenzake husema wahusika wao wanafanya nini, dadu hurushwa penye shaka, na hadithi husonga. Katika aina hii risasi ikimpata mtu humlaza hospitali, na aliyeokolewa leo anaweza kesho kusimama mahakamani kama shahidi wa upande wa pili.

Michezo ya namna hii ilianza Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Mashujaa wenye nguvu walifuata na Superhero 2044 ya mwaka 1977, kisha Villains & Vigilantes ya 1979, ambayo ilimtaka mchezaji aigize nafsi yake mwenyewe, jina lake na tabia zake, akiongezewa tu nguvu. Ukali uliingia kwa kishindo mwaka 1986, pale hadithi za katuni The Dark Knight Returns ya Frank Miller na Watchmen ya Alan Moore na Dave Gibbons zilipomwonyesha shujaa aliyechoka, anayekosea, anayeogopwa na watu anaowalinda.

Afrika Mashariki haikuhitaji kusubiri mwaka huo. Fumo Liyongo wa pwani ya Kenya, ambaye Muhamadi Kijumwa wa Lamu aliandika utenzi wake mwaka 1913, hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba ikichomwa kitovuni, na aliyeichoma ni mwanawe. Lwanda Magere wa Wajaluo alikuwa na mwili mgumu kama jiwe, ila uhai wake ulikaa kivulini, na siri hiyo ilitolewa na mke aliyetoka kwa maadui. Mwindo wa Wanyanga, mashariki mwa Kongo, alimwua joka akapandishwa mbinguni na Nkuba, bwana wa radi, akateswa kwa jua na baridi hadi akajifunza mipaka yake. Masimulizi ya Mwindo yaliandikwa kutoka kwa msimulizi Shé-kárisi Rureke mwaka 1956.

Wote watatu wana nguvu kubwa, kila mmoja ana mahali anapovunjika, na wawili kati yao waliangushwa na mtu wa nyumbani. Mchezo wa Champions, uliotoka mwaka 1981, uliligeuza jambo hilo kuwa kanuni: mchezaji hupata pointi za kununulia nguvu kwa kukubali udhaifu, adui au mtegemezi. Kwa hiyo mhusika mzuri wa kampeni kali huanza kujengwa kwa maswali mawili: nini kinamwangusha, na nani anajua? Nguvu huja baadaye. Msimulizi anayekubali mhusika asiye na jibu la swali la pili atajuta kabla ya kikao cha tatu.

Swali gumu zaidi ni la sheria. Shujaa anayekamata wahalifu usiku bila kutumwa na mtu si jambo la kubuni kwa Mtanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi Shinyanga na Tabora, wanakijiji waliunda sungusungu, wakiwa na pinde, mishale na mayowe ya kuitana kutoka kijiji hadi kijiji. Wizi ulipungua mahali pengi. Papo hapo kulikuwa na vipigo, faini za kulazimishwa, na watu waliotengwa kwa tuhuma za uchawi. Viongozi wa siasa waliwasifu huku polisi na mahakama wakiwatilia shaka, na mwaka 1989 bunge likawapa nafasi kisheria kupitia marekebisho ya sheria za mgambo. Hapo pana kampeni nzima tayari: kundi linaloanza kwa haki ya kweli, linapata nguvu, halafu linapaswa kuamua nani ahukumu na kwa ushahidi gani. Hakuna jiji la Marekani lenye mfano ulio karibu zaidi na meza ya mchezaji wa Kigoma.

Mahali pa hadithi pachaguliwe padogo. Nyabibuye, kata ya Wilaya ya Kakonko mkoani Kigoma, wilaya iliyomegwa kutoka Kibondo mwaka 2012, inatosha kwa mwaka mzima wa mchezo. Wilaya inapakana na Burundi, na Kiha cha wenyeji na Kirundi cha majirani vinasikilizana, hivyo mhusika anayejificha anaweza kupita mpaka na bado akaelewana na watu. Upande wa mashariki liko pori la akiba la Moyowosi. Kambi za wakimbizi nazo ziko karibu: Nduta iko Kibondo; Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokimbia vita, iko Kasulu; Mtendeli ya Kakonko ilifungwa mwaka 2021. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamtaka mkimbizi awe na kibali ili atoke kambini. Mhusika anayeweza kuruka juu ya mawingu bado ataulizwa kibali chake akitua sokoni, na hapo ndipo mchezo unapopata uzito.

Wapinzani nao watoke hapo hapo. Kundi la kamchape, wale wanaozunguka wakidai kufichua wachawi, limeripotiwa mara nyingi mkoani Kigoma, na ni adui wa kutisha kuliko jitu lolote la chuma, kwa sababu kijiji huwashangilia wanapoingia. Kijana anayewasha moto kwa viganja hataitwa shujaa mbele yao. Bibi yake ndiye atakayenyooshewa kidole.

Kitabu cha mchezo wa Wild Talents kina kipimo bora cha kupanga dunia ya namna hii, kazi ya Kenneth Hite. Msimulizi hutoa alama ya moja hadi tano kwa mambo manne: historia inabadilika kwa urahisi gani, watu wenye nguvu wanabadilika kiasi gani, maajabu yamejaa kiasi gani, na wema na uovu vimetengana kwa uwazi kiasi gani. Jambo la kwanza ndilo lenye utamu kwa Buha, nchi ya Waha. Mapema miaka ya 1970 wakazi wengi wa Kigoma walihamishiwa vijiji vya ujamaa. Kabla ya hapo, vijana wa Kiha walikuwa wakienda kwa maelfu kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga. Je, kama mmoja wao angeweza kuinua lori kwa mkono mmoja, mkataba wake ungesomeka vingine? Kampeni isiyopambwa hujibu kwamba huenda usingebadilika hata kidogo, na mwenye shamba angempa tu mzigo wa watu kumi.

Kabla ya dadu kurushwa, kikao cha kwanza ni cha makubaliano, na hapa hakuna mzaha. Mbunifu wa michezo Ron Edwards alipendekeza mambo yagawanywe: yasiyoingia kabisa mezani, na yanayotajwa kisha pazia likashushwa. John Stavropoulos akaongeza kadi yenye alama ya X, ambayo yeyote akiigusa tukio linasimama bila kuombwa maelezo. Katika wilaya zilizopokea watu wa vita, mchezaji aliyekaa kushoto anaweza kuwa aliyaishi yale ambayo msimulizi anayabuni. Mauaji ya wenye ualbino, ubakaji na vita vya Burundi viulizwe kwanza. Kundi likivikataa, kampeni haipungukiwi ukali. Deni, rushwa ya kizuizini na dawa zilizokwisha zahanati vinatosha kumbana shujaa.

Vifaa ni vichache. Champions hutumia dadu za pande sita tu, zile za ludo, na Masks ya mwaka 2016 hutumia mbili: jumla ya kumi au zaidi ni mafanikio, saba hadi tisa ni mafanikio yenye gharama. Masks pia haihesabu damu. Mhusika aliyepigwa hupata hofu, hasira au hatia, na kila hali humpunguzia uwezo. Kwa kundi lisilo na vitabu, kanuni hizo mbili za Masks, daftari na penseli zinaweza kuendesha miezi ya vikao.

Daftari hilo litunzwe. Mwaka 1983 mwandishi Victor Milán alimpa George R. R. Martin mchezo wa Superworld kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Kundi lao la Albuquerque liliucheza hadi likasahau kazi nyingine, na wahusika waliozaliwa mezani wakaingia katika Wild Cards, mfululizo wa vitabu ulioanza mwaka 1987 na ambao bado unaongezewa juzuu.